Mtoto aliyebaki nyuma: kutumia dirisha la mwaka mmoja la Kanada

Familia nyingi zinazohamishiwa Kanada kutoka kambi za wakimbizi za Nakivale, Kyangwali, Kakuma au Nyarugusu hufika zikiwa pungufu. Mtoto mmoja alikuwa kwa bibi yake Uvira siku majina yalipoitwa. Mwingine alipotezana na wazazi vitani, akapatikana wao wameshaondoka. Mwingine alibaki na mzazi wa pili. Kwa wazazi hawa sheria ya Kanada imeacha njia moja iliyo nyepesi kuliko nyingine zote, nayo inaitwa dirisha la mwaka mmoja. Haina ada, haipimi kipato cha mzazi, na mtoto anaingia nchini akiwa mkazi wa kudumu sawa na mzazi wake.

Njia hiyo ina masharti mawili yasiyo na mjadala. Mtoto awe alitajwa kwenye maombi ya mzazi kabla mzazi hajapanda ndege, na maombi ya mtoto yawasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu siku mzazi alipokuwa mkazi wa kudumu. Kwa mkimbizi aliyehamishwa kutoka kambini, siku hiyo ni siku aliyotua. Ipo kwenye karatasi ya uthibitisho wa ukazi aliyosaini mbele ya ofisa wa mpakani. Itafute karatasi hiyo leo, usome tarehe, uiandike mahali unapopaona kila siku.

Mwaka huo hupotea kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Miezi ya kwanza inaliwa na kutafuta nyumba, kadi ya afya, shule za watoto na darasa la lugha. Halafu anatokea mtu wa karibu, tena mwenye nia njema, anasema: "Subiri kwanza upate uraia, utamleta bila shida." Ushauri huo umetenga familia nyingi kwa miaka. Mwaka ukishapita, mtoto hawezi tena kupita dirishani. Inabidi umdhamini kwa njia ya kawaida ya familia, yenye ada, fomu za mdhamini, na sharti kwamba mdhamini asiwe anapokea msaada wa serikali wa kujikimu, isipokuwa ule wa ulemavu. Mzazi aliyefika bila kazi wala lugha anaweza kukwama hapo muda mrefu. Kwa hiyo maombi ya mtoto yaanze wiki ileile unayopata anwani ya kudumu, na mwambie mapema mfanyakazi wa shirika linalokupokea. Kama uliletwa na wadhamini binafsi, kanisa au kikundi cha watu, waambie wao kwanza. Ahadi waliyosaini inawahusu pia wanafamilia uliowataja ambao hawakusafiri nawe, na watatakiwa kujiandaa kumpokea.

Anayehesabiwa kuwa mtoto

Kwa maombi yaliyoanza tarehe 24 Oktoba 2017 au baadaye, mtoto tegemezi ni aliye chini ya miaka 22, asiyeolewa wala kuoa, na asiyeishi na mtu kama mume na mke. Aliyevuka umri huo bado anaweza kukubaliwa kama amekuwa akitegemea wazazi tangu kabla ya kutimiza miaka 22 kwa sababu ya hali ya mwili au akili isiyomruhusu kujitegemea.

Hapa kuna jambo linalowapita wengi. Umri haupimwi siku ya intavyuu ya mtoto. Unafungwa tarehe ambayo mzazi aliwasilisha maombi yake mwenyewe ya kuhamia Kanada, akiwa bado kambini. Kijana aliyekuwa na miaka 19 wakati baba yake anajaza fomu Nakivale, na leo ana 25, bado anahesabiwa kuwa mtoto. Nimeona wazazi wakikata tamaa wenyewe kwa kuhesabu umri wa leo, wala hawakutuma kitu. Tuma.

Umri unafungwa, lakini hali ya ndoa haifungwi. Binti akiolewa njiani, hata kwa mahari tu bila cheti, au akikaa na mwanaume mwaka mzima kama mke na mume, anatoka kwenye kundi la watoto tegemezi. Kuzaa peke yake hakumtoi. Kama bado hajaolewa na amejifungua, mtoto wake anaweza kuingizwa naye kwenye maombi, mradi ofisi iarifiwe mara moja. Zungumza na binti yako waziwazi juu ya hili, kwa simu, mapema, maana yuko peke yake kambini na shinikizo la kuolewa ni kubwa.

Sasa neno zito, na ninalisema kwa sababu linaumiza familia nyingi za Kongo na Burundi. Mtoto wa marehemu kaka yako uliyemlea tangu akiwa mchanga, anayekuita baba, hapiti kwenye dirisha hili. Kabla ya safari, ofisa anaweza kumkubali mtoto wa namna hiyo kama mtegemezi wa nyumbani akasafiri pamoja nanyi. Baada ya safari, dirisha linataka mtoto wa kuzaa au wa kuasili kisheria, wa kwako au wa mwenzi wako. Usimwandike kama mtoto wa kuzaa ili "kurahisisha". Kipimo cha vinasaba (DNA) kitaonyesha, na udanganyifu ukithibitika unaweza kumfungia mtoto mlango kwa miaka 5 na kuhatarisha hata ukazi wako. Ipo njia nyingine: mkazi wa kudumu au raia anaweza kumdhamini mdogo wake, mtoto wa ndugu yake au mjukuu wake aliye yatima wa baba na mama, aliye chini ya miaka 18 na asiyeoa wala kuolewa. Njia hiyo inahitaji ushahidi wa vifo vyote viwili, na inapima kipato cha mdhamini. Ni ngumu, lakini ni ya kweli.

Mtoto ambaye hakutajwa

Wapo waliomwacha mtoto nje ya fomu kwa woga, wengine kwa kuambiwa na madalali wa kambini kwamba familia kubwa inachelewesha kesi, wengine kwa kuamini kwamba mtoto amekufa. Kanuni ya uhamiaji ya Kanada, ile ya 117(9)(d), humfungia nje ya udhamini wa familia mtoto ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa wakati mzazi wake anahamia. Tangu tarehe 9 Septemba 2019 kumekuwa na sera maalum inayolegeza kanuni hiyo kwa waliofika kama wakimbizi waliohamishwa au waliopewa hifadhi. Ni sera ya muda, nayo imekuwa ikiongezwa, kwa hiyo hakikisha tarehe yake ya mwisho kabla hujatuma. Mtoto wa kundi hili hapiti dirishani. Anapita kwenye udhamini wa familia, pamoja na barua inayoeleza kwa nini hakutajwa. Eleza ukweli ulivyokuwa. Barua fupi yenye tarehe na majina ya mahali ina nguvu kuliko kurasa tano za kuomba huruma.

Kama unasoma haya ukiwa bado kambini unasubiri safari, una nafasi ambayo waliotangulia hawana. Mtaje kila mtoto: aliyepotea, aliye kwa mzazi mwenzio, aliyezaliwa wiki iliyopita, na yule usiyejua kama yu hai. Sheria inaruhusu kuongeza jina hadi kabla ya kuondoka. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba jina limeingia.

Karatasi

Fomu kuu ni IMM 0008, inayobeba taarifa za mtoto. IMM 5406 inaorodhesha wazazi, ndugu na watoto wote. Aliyefikisha miaka 18 anajaza pia IMM 5669, inayodai historia ya miaka 10 au tangu alipotimiza 18, mwezi kwa mwezi, bila pengo. Pengo la miezi mitatu tu linatosha kurudisha faili. Kama kijana hakuwa na kazi wala shule, aandike hivyohivyo: "bila kazi, Kambi ya Nyarugusu", na miezi yake. Mzazi anaweza kujaza na kutuma kwa niaba ya mtoto akiwa Kanada. Mahali pa kutuma pamekuwa pakibadilika, kwa hiyo soma maelekezo ya IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada, siku ileile unayotuma, na utunze uthibitisho wa kupokelewa kama unavyotunza kitambulisho. Walioko Quebec wana hatua ya ziada ya serikali ya jimbo hilo, waulize mapema.

Kinachorudisha faili nyingi si fomu iliyokosekana, ni majina. Chukua karatasi ya familia ya UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa), kadi ya kliniki, cheti cha shule na fomu uliyojaza mwenyewe kabla ya safari, uziweke mezani pamoja. Karatasi moja inasema Bahati Mugisho, ya pili Mugisho Bahati, ya tatu Baati Mugisyo, na kwenye fomu yako ameandikwa kwa jina la ubatizo pekee. Tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kwenye moja na 14 Agosti kwenye nyingine, kwa sababu mwandikishaji wa kambini aliweka 1 Januari kwa kila asiyejua tarehe. Kwa macho ya ofisa wa viza wa Kanada aliye Nairobi hao ni watoto tofauti. Usichague karatasi inayokupendeza ukaficha nyingine, kwa sababu faili la UNHCR anaweza kuliomba. Jaza kwa kufuata jina lililoko kwenye fomu yako ya zamani, kisha andika tamko la kiapo linaloorodhesha kila tahajia na kueleza kila moja ilitoka wapi.

Cheti cha kuzaliwa kinategemea mtoto alizaliwa wapi. Ofisi ya usajili Uganda ni NIRA, Tanzania bara ni RITA, Kenya ni idara ya usajili wa raia. Pote huanzia kwenye taarifa ya kuzaliwa iliyotolewa na zahanati, hata ya kambini. Kwa mtoto aliyezaliwa Kongo, kuandikisha ni ndani ya siku 90. Zikipita, unahitaji hukumu ya nyongeza kutoka mahakama ya watoto, uthibitisho kwamba hakuna rufaa, halafu ofisa wa hali ya kiraia ndiye anaandika cheti. Tangu Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, kupata karatasi hizi mashariki kumekuwa kugumu zaidi, na karatasi iliyotolewa na mamlaka isiyotambuliwa huzua maswali. Mkimbizi hatakiwi kukimbilia ubalozi wa nchi aliyoikimbia. Ushahidi mwingine unakubalika: cheti cha ubatizo, kadi ya chanjo, ripoti za shule, picha za miaka tofauti, risiti za pesa ulizomtumia, na kiapo cha mkunga au jirani aliyekuwapo. Kila karatasi isiyo ya Kiingereza au Kifaransa itafsiriwe, pamoja na tamko la mtafsiri. Mwanafamilia haruhusiwi kutafsiri, hata kama ni mwalimu wa lugha.

Picha zinakataliwa mara nyingi kuliko inavyostahili. Fuata ukubwa ulioandikwa kwenye maelekezo ya IRCC, uso uwe na milimita 31 hadi 36 kutoka kidevu hadi utosi, ukuta mweupe nyuma, na picha iwe imepigwa ndani ya miezi 6. Studio za mjini zimezoea vipimo vya pasipoti ya nchi, kwa hiyo mtumie mpiga picha vipimo kwa maandishi.

Mzazi mwingine

Kama mtoto hajatimiza miaka 18 na mzazi wake wa pili yu hai na hasafiri, inahitajika IMM 5604: tamko la mzazi asiyesafiri kwamba anakubali mtoto ahamie Kanada. Lisainiwe mbele ya wakili au ofisa anayeruhusiwa kushuhudia viapo, likiambatana na nakala ya kitambulisho chenye picha na saini. Saini ya kwenye tamko ifanane na ya kwenye kitambulisho. Kama mzazi huyo hajui kuandika, dole gumba linatosha, mradi shahidi aandike kwamba alimsomea maneno yote kwa lugha anayoielewa.

Mzazi mwingine akiwa amefariki, tuma cheti cha kifo. Kama alitoweka, kiapo chako pekee ni chepesi. Ongeza barua ya kiongozi wa kijiji au wa kambi, na uthibitisho kwamba mlimtafuta, kwa mfano kupitia huduma ya kutafuta ndugu ya Msalaba Mwekundu. Kama yupo lakini anakataa kusaini, hakuna fomu ya kumzunguka. Njia ni mahakama ya nchi mtoto aliyomo kutoa amri ya malezi, na hilo huchukua muda, kwa hiyo lianze mapema. Kwa mtoto anayeishi kambini bila mzazi, ofisi ya UNHCR hufanya tathmini ya maslahi ya mtoto. Mtu anayemlea aende akaiombe, asisubiri kuitwa.

Vinasaba

Ofisa asiporidhika na karatasi, huandika barua ya kukupa nafasi ya kupima vinasaba. Usipime kabla ya barua hiyo, na usinunue vifaa vya kujipima nyumbani. Matokeo yake hayatambuliwi. Maabara lazima iwe imeidhinishwa na Baraza la Viwango la Kanada. Unailipa wewe, unatoa sampuli huku ukionyesha kitambulisho, nayo inatuma vifaa moja kwa moja kule mtoto aliko. Kule mtoto anapanguswa ndani ya shavu kwa pamba mbele ya shahidi, anapigwa picha, bahasha inafungwa na kusainiwa, inarudi maabara, na majibu yanakwenda kwa ofisa. Kiwango cha uhakika kinachodaiwa ni asilimia 99.8.

Kuna baba ambaye moyoni ana shaka, au mama ambaye ana siri ya wakati wa vita. Likaeni chini mlizungumze kabla ya pamba kufika. Kama mama wa mtoto ni mwenzi wako na yumo kwenye maombi, mtoto bado ni wa familia hata asipokuwa damu ya baba, na apimwe na mama. Familia huvunjika pale ukweli huo unapofikia nyumba kwa barua ya serikali, ilhali kisheria haukuwa kikwazo.

Afya, vidole na kuondoka

Kupima afya hufanywa na daktari aliyeteuliwa, kambini mara nyingi ni wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, na kwa watoto wa dirisha gharama inabebwa na mpango wa afya wa serikali ya Kanada kwa wakimbizi. Kipimo cha mkojo huanza miaka 5, picha ya kifua miaka 11, damu miaka 15. Virusi vya Ukimwi au ugonjwa wa gharama havimzuii mtoto wa mkimbizi. Kifua kikuu kilicho hai kinasimamisha safari hadi matibabu yakamilike, si kuifuta, kwa hiyo asiruke hata dozi moja. Majibu yanadumu miezi 12. Alama za vidole ni kuanzia miaka 14.

Asiye na pasipoti hupewa hati ya safari moja kutoka ofisi ya viza. Tatizo linalokuja mwishoni, tiketi ikiwa imeshakatwa, ni kibali cha kutoka nchini: Uganda kinapitia Ofisi ya Waziri Mkuu, Kenya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Tanzania Wizara ya Mambo ya Ndani. Mtoto ambaye hajaandikishwa kama mkimbizi katika nchi aliyomo atakwama hapo, hata Kanada ikiwa imekwisha kubali. Mwandikishe sasa. Wala usimhamishe kutoka nchi moja kwenda nyingine katikati ya kesi bila sababu ya usalama, kwa kuwa faili hufuata mtoto polepole kuliko basi. Akihama, iarifu IRCC siku hiyohiyo.

Kufuatilia

Fungua barua pepe ya mtoto mwenyewe, na nywila iwe mikononi mwa mzazi, isibaki kwa mwenye duka la intaneti. Barua za IRCC hutoa muda mfupi wa kujibu, mara nyingi siku 30, na kesi nyingi hufungwa kwa sababu tu barua ilikaa kwenye kikasha cha taka. Kukiwa kimya muda mrefu, mkazi wa kudumu anaweza kuomba nakala ya maandishi ya ofisa ndani ya faili kwa dola 5. Humo utaona hasa wanachosubiri. Ofisi ya mbunge wa jimbo unaloishi nayo hufuatilia kesi bure, na hujibiwa. Wanahitaji fomu ya idhini yenye saini yako na namba ya faili.

Waliopewa hifadhi wakiwa tayari ndani ya Kanada hawatumii dirisha hili. Wao huwaingiza watoto walio nje kwenye maombi yao wenyewe ya ukazi, wanalipa ada ya mtoto (dola 175 kwa viwango vya Aprili 2024), na umri unafungwa siku walipoomba hifadhi. Foleni yao ni ndefu mno. Kama mtoto yuko peke yake au hatarini, inawezekana kuomba kibali cha ukazi wa muda ili asubirie Kanada. Hutolewa kwa hiari ya ofisa, kwa hiyo ambatisha barua ya daktari, ya UNHCR au ya polisi inayoeleza hatari yenyewe.

Mtoto akipata viza, IOM hupanga tiketi kwa mkopo usio na riba, na mtoto mdogo anayesafiri peke yake hupewa msindikizaji. Akitua, hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye karatasi yake ya ukazi ni sahihi kabla ya kusaini, na anwani yake iwafikie IRCC ndani ya siku 180 ili kadi ya ukazi itumwe bila ada.